Pini Kumi na Mbili

Kila asubuhi Ardak aliwasha gurudumu la kung'arishia kabla hata hajavua koti, akaliacha lizunguke peke yake huku akifunga kitambaa kichwani. Kisha alichukua kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakisugua kwenye msasa mkali, halafu kwenye laini, halafu kwenye laini zaidi, kila mara akikigeuza robo ili mikwaruzo mipya ifute ya zamani. Mwisho alikipeleka kwenye kitambaa chenye maji meupe ya unga, mpaka kipande kikawa kioo na yeye akaliona jicho lake mwenyewe ndani yake. Kazi hiyo ilichukua dakika arobaini. Watu wa maabara walijua kwamba hapendi kusemeshwa katika dakika hizo. Hata nyakati nyingine hakuwa msemaji.

Siku hiyo ya Mei alikuwa kwenye msasa wa tatu mlango uliposukumwa kwa mguu. Walinzi wawili wa kiwanda waliingia na kitu kilichofungwa ndani ya koti la kazi, wakakitua mezani juu ya karatasi zake. Mmoja alimwambia, bila kumtazama, kwamba hiyo ni pini ya kulabu ya kreni namba tatu, imekatika saa mbili na robo, na mzigo umemwangukia Sagyndyk.

"Yuko hospitali?" Ardak aliuliza.

"Hospitali ya nini, dada," mlinzi alisema. Akaomba arudishiwe koti, kwa kuwa lilikuwa la marehemu na lilitakiwa kuorodheshwa.

Sagyndyk alikuwa mfungaji mizigo wa karakana ya magogo ya chuma, na alikaa jengo moja na Ardak, ngazi ya pili. Wiki iliyopita tu alimbebea mama mkwe wa Ardak gunia la viazi hadi orofa ya nne, akikataa hata kikombe cha chai. Ardak alisimama akiitazama pini ile, nene kama kifundo cha mkono wake, iliyokatika katikati kama karoti.

Aliona papo hapo. Alikuwa na miaka tisa katika kazi ile na hakuhitaji hadubini. Chuma kinachozidiwa na mzigo hujitetea kwanza: hunyooka, hukonda kiunoni, na mahali kilipokatika huwa kijivu kama kitambaa kilichochanika. Hiki hakikukonda hata kidogo. Uso wa mkato ulimetameta kwa vipembe vidogo vidogo, mfano wa sukari ya mawe iliyovunjwa kwa nyundo.

* * *

Roza Nikolaevna, mkuu wa maabara, alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Alimwachia Ardak kazi yote, akasema macho yake ni ya kizee sasa. Ardak alikata kipande kwa msumeno wa polepole huku maji yakichuruzika, maana joto la msumeno huharibu ushahidi. Akaking'arisha. Akakidondoshea asidi ya manjano, akahesabu, akakisafisha kwa spiriti.

Ndani ya hadubini chembe za aloi zilijipanga kama mashamba yaliyotazamwa kutoka juu ya mlima, kila chembe na fuwele zake zimelala upande wake. Katika chuma kizima mipaka kati ya chembe na chembe huwa hafifu, karibu haionekani. Hapa asidi ilikuwa imeila mipaka ikawa mitaro myeusi, na ufa ulipita ndani ya mitaro hiyo tu, ukizunguka kila chembe bila kuikata hata moja.

Alipima ugumu. Tarakimu zilikuwa sawasawa na kitabu. Hilo halikumshangaza, kwa kuwa ugonjwa huu haujulikani kwa kupima ugumu. Aloi ya chuma iliyotiwa nikeli na kromi ikishapashwa moto mara ya pili hutakiwa kutolewa tanurini ingali na wekundu wake na kuzamishwa kwenye mafuta mara moja. Ikiachwa ipoe polepole, mipaka ya chembe hudhoofika kimyakimya. Kwa nje ni chuma kilekile, kigumu vilevile. Kikigongwa, huvunjika kama biskuti.

Ili asijidanganye, alichonga vijiti viwili kutoka pini ileile. Kimoja alikipasha moto upya na kukizamisha kwenye mafuta, kingine akakiacha kilivyo. Akavipeleka kwenye nyundo ya bembea. Kile alichokiacha kilivyo kilikatika kwa mlio mkavu na nyundo ikapita kana kwamba haikukutana na kitu. Kile alichokitibu kilijikunja, kikaizuia nyundo njiani.

Ndipo alipoutafuta muhuri kwenye kichwa cha pini. Kundi la kumi na nne. Alifungua daftari la karakana ya tanuri. Kundi la kumi na nne lilikuwa na pini kumi na mbili, zimeingia tanurini tarehe ishirini Machi, zamu ya pili. Chini yake palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu kama wa kiluwiluwi. Ardak aliijua sahihi ile. Ilikuwa pia kwenye cheti chake cha ndoa.

Alikaa chini. Tarehe ishirini Machi ulikuwa mkesha wa Nauryz, sikukuu ya mwaka mpya. Wageni walikuwa wameshafika kutoka kijijini, watu tisa na kondoo aliyechinjwa ndani ya gunia, na mkwe wake alikuwa akizunguka jikoni akilalamika kwamba mtoto wake wa pekee hayupo kupokea ndugu zake. Ardak ndiye aliyepiga simu karakana saa kumi na moja. Alimwambia mumewe Kairbek afanye lolote, aje. Na Kairbek alikuja mapema, mchangamfu, akamrusha juu binti yao Inkar mpaka nywele zikagusa taa.

* * *

Naibu mhandisi mkuu, Orazbaev, alishuka maabara mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya ukaguzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkopo wa nyumba na mkurugenzi mkali, na tangu asubuhi alikuwa amejishawishi kwamba Sagyndyk alitundika magogo mawili badala ya moja. Mwendesha kreni hakuwa ameona vizuri. Msaidizi wa Sagyndyk alisema hakumbuki.

Alimuuliza Ardak kama ugumu wa chuma uko sawa. Ardak alisema uko sawa. Akauliza kama mchanganyiko wa aloi uko sawa. Ardak akasema nao uko sawa, lakini. Hakuweza kuimaliza sentensi, kwa sababu Orazbaev alikuwa ameshageuka kwa Roza Nikolaevna.

"Basi chuma ni kizima. Ripoti fupi tu, Alhamisi tume inakaa. Binti anajua kuandika?"

"Anajua," Roza Nikolaevna alisema.

Alipoondoka, Ardak alisogea kando ya hadubini na kumwomba mkuu wake aangalie, dakika moja tu. Roza Nikolaevna alikuwa akifuta miwani yake. Aliendelea kuifuta.

"Mwanangu, nikiangalia nitajua. Nikijua itabidi niseme. Wewe andika unachokiona, mimi nitatia sahihi chini. Sahihi yangu haijawahi kuuliza maswali."

Kisha, kama anayejutia maneno yake, alimpa nusu ya andazi lake.

* * *

Nyumbani Ardak alimsubiri mumewe amalize kula. Kairbek alikuwa mtu wa vicheko, ila tangu ajali alikula akitazama sahani. Ardak alimuuliza, kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa, siku ile ya mkesha kazi iliishaje. Kairbek akasema iliisha kama siku zote.

"Pini mlizitoa nani na nani?"

Kijiko kilisimama. Akasema hawakuzitoa. Mwenzake alikuwa ameumwa tumbo, na kuzitoa na kuzizamisha kumi na mbili ni kazi ya watu wawili na saa nzima. Akazima tanuri, akafunga mlango, zipoe zenyewe hadi sikukuu iishe. Mafundi wote wa zamani walifanya hivyo na vyuma vya kawaida. Babake mwenyewe alimfundisha kwamba chuma kikipozwa haraka hupata hofu, kikipozwa polepole hupata usingizi.

"Kuna kibao ukutani," Ardak alisema. "Kimeandikwa aloi hii isilale tanurini."

"Kibao kimeandikwa tangu sijazaliwa. Na ugumu si ulipimwa? Mkaguzi si alipitisha?" Alimtazama. "Ardak, umeona nini?"

Ardak alianza kukusanya sahani. Kairbek alielewa. Uso wake ulibadilika polepole, kwanza masikio, kisha midomo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Sagyndyk alikuwa mshenga wake siku ya harusi. Halafu akasema ni miaka mitano jela, huenda saba. Halafu akasema jambo ambalo hakukusudia kulisema, kwamba ni yeye Ardak aliyepiga simu.

Mkwe wake, mama Rakima, alikuwa nyuma ya pazia la jikoni na hakujificha kwamba alikuwa anasikiliza. Alikuja akaketi. Alikuwa amezika mume na watoto wawili wa kiume, na Kairbek ndiye aliyebaki.

"Aliyekufa amekufa, mkwe wangu. Nimemlilia leo kama wa tumboni mwangu. Lakini huwezi kumfukua yule kwa kumfukia huyu. Funika kombe."

"Zimebaki kumi na moja, mama," Ardak alisema. "Ziko kwenye kreni nyingine."

Bibi alimwambia kwamba vyuma vinakatika tangu dunia iumbwe, na kwamba Mungu ndiye anayejua kipi na lini. Ardak akaenda kuosha vyombo. Chumbani Kairbek alikuwa akimsomea Inkar hadithi, na alisoma ukurasa mmoja mara mbili bila mtoto kumsahihisha.

* * *

Siku ya Jumatano Ardak alipeleka mikate saba ya mafuta ngazi ya pili, kama desturi inavyotaka. Mlango wa Nesibeli, mjane wa Sagyndyk, ulikuwa wazi, viatu vimejaa hadi kwenye ngazi. Wanawake walikuwa wameketi kuzunguka kitambaa cha chakula, wakinong'ona kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri, ingawa alipenda kukimbiza kazi. Ingawa, alisema mmoja, alitaka kumaliza mapema kila siku. Ingawa, alisema mwingine akimega mkate, tamaa ya bonasi imewaua wengi. Maneno hayo yalitoka ofisini, yakapita kwa makarani, na sasa yalikuwa yakila mikate ya mjane.

Kiwanda kilileta gunia la unga na mwakilishi mwenye karatasi. Karatasi ilisema kwamba kifo kilitokana na kosa la mfanyakazi, kwa hiyo familia itapewa gharama za mazishi tu, na chumba cha kiwanda itabidi kirudishwe kabla ya vuli. Nesibeli alikuwa ameikunja karatasi hiyo na kuiweka chini ya buli, kana kwamba ni kitu cha kuzuia meza isiungue.

Alimfuata Ardak hadi kwenye korido alipokuwa anavaa viatu. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umbo, muuguzi wa chekechea, na sasa alionekana kama nguo iliyovuliwa.

"Mdogo wangu, wanasema wewe ndiye unayeitazama ile pini. Alitundika mawili?"

Ardak alikuwa ameinama, anafunga kamba za kiatu. Aliendelea kufunga hata baada ya fundo kukaza.

"Bado tunaangalia, dada."

"Kwa sababu mwanangu mkubwa ameanza kumchukia. Anasema baba alijiua mwenyewe kwa ujinga." Nesibeli alishika fremu ya mlango. "Sitaki kitu kingine. Nataka kujua tu nimwambie nini."

* * *

Usiku huo Ardak aliandika ripoti. Aliandika kwa mwandiko wa shule, ulionyooka, na hakuandika uongo hata mmoja. Ugumu uko ndani ya viwango. Mchanganyiko uko ndani ya viwango. Mpasuko umefuata mipaka ya chembe. Muundo unalingana na hali ya kupoa taratibu kupita nyuzi mia tano. Kundi namba kumi na nne. Basi. Aliisoma mara tatu. Mtu aliyesomea aloi angeruka kwenye kiti chake akiisoma. Ndani ya tume hapakuwa na mtu aliyesomea aloi, na Ardak alilijua hilo alipokuwa anachagua kila neno.

Kairbek aliisoma kwa juu ya bega lake. Alimuuliza nani ataelewa.

"Hakuna," Ardak alisema.

Kairbek alimwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mzito na wenye shukrani, na Ardak alitamani auondoe.

Asubuhi alipotoka kujiandaa alikuta mkwe wake ameshawasha moto na kuchemsha chai. Katika miaka minane ya ndoa ni Ardak aliyemimina chai katika nyumba ile, akikaa karibu na mlango kama wanavyokaa wake wa nyumbani. Siku hiyo mama Rakima alimketisha mahali pa heshima, akammiminia mwenyewe, nusu bakuli kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima, na maziwa ya mgando juu. Alimsogezea asali. Ardak aliinywa chai ile yote, na haikuwa na ladha ya kitu chochote.

* * *

Tume ilikaa kwenye chumba cha mikutano chenye mapazia ya kijani. Walikuwa watu saba. Mafundi wa tanuri walisimama ukutani kwa sababu viti havikutosha, Kairbek akiwa wa tatu, kofia mkononi. Nesibeli alikuwa ameitwa ili atie sahihi. Alivaa kitambaa cheupe cha msiba na kukaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu aliyeazimwa kiti hicho.

Orazbaev alisoma ripoti ya maabara kwa sauti, haraka, sauti yake ikipanda kwenye neno viwango na kushuka kwenye yaliyobaki. Alipofika kwenye mipaka ya chembe alijikwaa kidogo, akakohoa, akaendelea. Alihitimisha kwamba chuma kilikuwa kizima, kwa hiyo sababu ni mzigo kuzidi. Watu sita walitikisa vichwa kukubali. Roza Nikolaevna alitazama dirisha. Kairbek alifumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu ajali mabega yake yalishuka.

Ardak alikuwa amekaa mwisho wa meza. Aliyasikia maneno yake yakipita juu ya vichwa vya watu kama ndege wasiotua. Alikuwa amejiambia usiku kucha kwamba ameyasema. Sasa aliona kwamba hakusema kitu.

Karatasi ilisogezwa mbele ya mjane pamoja na kalamu. Nesibeli aliishika kalamu. Hakuandika.

"Hiyo mipaka ya chembe," aliuliza, "ni kitu gani?"

Orazbaev alimwambia kwa upole kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, na kwamba hayabadilishi kitu. Akamwonyesha kwa kidole mahali pa sahihi.

"Namuuliza Ardak," Nesibeli alisema. "Ndiye aliyeandika. Nikirudi nyumbani mtoto wangu ataniuliza."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Orazbaev alimtazama Ardak kwa macho yaliyomwambia aseme jambo dogo na akae. Ardak hakukusudia kusimama, lakini alijikuta amesimama. Sauti ilimtoka nyembamba, na mwanzoni watu wa mwisho wa meza hawakuisikia, akalazimika kuanza upya. Hakutazama ukutani. Alijua kofia ile iko wapi.

"Maana yake mume wako hakukosea, dada. Alitundika gogo moja. Pini ilikuwa imeshakufa kabla hajaigusa. Iliachwa ndani ya tanuri ikapoa polepole mkesha wa Nauryz, na chuma hiki kikipoa hivyo kinaoza kwa ndani, hata ukikipima kinakudanganya. Niliandika hivyo ili asielewe mtu. Aliyezima tanuri ni mume wangu, Kairbek. Mimi ndiye niliyempigia simu awahi nyumbani." Alimgeukia Orazbaev. "Zilikuwa kumi na mbili. Kumi na moja ziko juu ya vichwa vya watu sasa hivi, na zamu imeshaanza. Zishusheni."